Ile gemu ya bata wawili: nimeipata baada ya miaka zaidi ya ishirini



Leo naomba tuweke pembeni kidogo bei ya tangawizi na ubovu wa barabara za milimani, kuna jambo limenikaa kooni miaka mingi na juzi limetoka. Linahusu gemu. Ndiyo, gemu za TV, mnaocheka chekeni tu, kwi kwi kwi. Lakini najua wengi mnaosoma hapa mkiwa internet cafe mna gemu moja mliyoicheza utotoni kwa jirani au kwa mjomba, picha mnaiona kichwani, jina hamlijui. Ukimweleza mtu anakuangalia kama umeota.

Yangu ilikuwa hivi. Bata wawili, mmoja mweusi mmoja mweupe. Katikati ya kioo kuna ukuta, huyu huku, yule kule. Wanapanda kwenda juu kwenye vichochoro, njiani kuna buibui (mdudu jamani, siyo vazi). Juu kabisa kuna moyo. Bata wote wakiufikia ule moyo, mmoja kushoto mmoja kulia, muziki unalia, mnahamia hatua nyingine. Basi, ndiyo yote niliyokuwa nayo.

Nilikuwa naicheza na kaka yangu hapa Same mjini, mwaka 2000 na 2001. Yeye alikuwa darasa la saba, mimi ndiyo kwanza nimeanza shule. Yeye padi ya kwanza, mimi ya pili. Yeye bata mweusi, mimi mweupe. Na nilikuwa mkali! Kaka akisema "panda juu", napanda. Akisema "kulia", bata wangu huyo kulia. Shuleni nilikuwa natamba kwamba mimi na kaka tunamaliza hatua kumi bila kufa.

Kaka alifariki mwaka 2019. Tukampandisha kwetu Suji, juu ya Makanya, amelala kule. Aliacha mtoto wa kiume aliyekuwa chekechea, sasa hivi yuko darasa la sita. Likizo ya Desemba tumekaa kwa bibi yake tunakula makande, mtoto akaniuliza: "Ba'mdogo, baba alikuwa anapenda gemu gani?" Nikamwambia ile ya bata wawili. "Inaitwaje?" Nikatoa macho. Mtoto akaniangalia kwa huruma kabisa, kama vile baba yake nilimtunga mwenyewe.

Hapo ndipo nikaamua kuitafuta kwa nguvu zote. Nimejifunza mengi njiani, na nayaandika hapa kwa sababu naamini yatamsaidia mwingine.

Kwanza lazima ujue ulikuwa unachezea mashine gani. Sisi tulisema tu "gemu". Baba alikuja nayo kutoka Kariakoo, kasha la plastiki, padi mbili, na kaseti ya njano iliyoandikwa namba ya kutisha, gemu 9999 ndani yake. Tuliambiwa ni ya Nintendo. Siyo kweli. Nintendo walitoa mashine yao Japani Julai 1983, wakaiita Famicom, halafu Marekani wakaipeleka mwaka 1985 kwa jina la NES. Viwanda vya Taiwan na China vikainakili, baadaye vikafika mahali pa kubana karibu mashine nzima ndani ya chipu moja ya bei chee. Nakala hizo zilisambaa dunia nzima. Warusi walikuwa na yao ikiitwa Dendy tangu 1992, Wachina walikuwa na Subor, na iko iliyoitwa Terminator ambayo bila shaka wengine wenu mliiona. Kifupi, wengi tulicheza gemu za Japani kwenye mashine ya kunakili, na kaseti nayo ya kunakili.

Hii inaleta mambo mawili yaliyonipotezea muda sana.

La kwanza ni mwaka. Mimi nilicheza 2000, kwa hiyo nikawa natafuta gemu za 1998, 1999, 2000. Nikapekua wee, hakuna kitu. Kumbe mwaka uliocheza siyo mwaka ilipotengenezwa! Zile kaseti zilijazwa gemu za miaka ya themanini, hasa 1984 na 1985, kwa sababu zilikuwa ndogo na unaweza kubandika nyingi kwenye chipu moja. Mtoto wa Same alikuwa anacheza mwaka 2000 kile alichocheza mtoto wa Tokyo miaka kumi na tano nyuma. Ukitafuta ya kwako, rudi nyuma miaka kumi mpaka kumi na tano.

La pili ni jina. Waliokuwa wanabandika gemu hizo walifuta majina ya wenyewe, wakabadilisha maandishi ya mwanzo, wakaweka yao. Na ile 9999 ni uongo mtupu. Gemu za kweli zilikuwa chache, halafu zinarudiwa, Mario huyo huyo unamkuta mara ishirini, safari hii anaanzia hatua ya tatu, safari ile anaruka juu zaidi. Zaidi ya hapo, sisi hata hayo majina ya kubandika tulikuwa hatuyasomi. Tuliita kwa namba! "Weka 23." Kaka alikuwa anasema "tucheze 31" na mimi nakimbilia padi. Namba haikusaidii chochote leo, maana kila kaseti ilipanga orodha kivyake.

Wakati natafuta yangu nilikuwa nakutana na za watu wengine njiani, wacha nizimwage hapa. Ile ya vifaru inayolinda ndege wa tai chini ya kioo, matofali yanavunjika, ni Battle City ya Namco ya mwaka 1985, ingawa kwenye kaseti nyingi ilibadilishwa ikaitwa Tank 1990. Ile ya simba anaruka pete za moto kwenye sarakasi ni Circus Charlie. Jamaa aliyevaa majani anatupa vishoka na kula matunda ili asife ni Adventure Island, Hudson Soft, 1986. Ile ya pikipiki ambayo ukikandamiza sana injini inachemka na unasimama pembeni, Excitebike, 1984. Gari linakimbia linaishiwa mafuta, Road Fighter. Ile unachimba mashimo ili wanaokufukuza watumbukie huku unazoa dhahabu, Lode Runner. Wawili wenye nyundo wanapasua dari za barafu kupanda mlima, Ice Climber. Na yule mbwa aliyekuwa anakucheka ukikosa shabaha ni wa Duck Hunt, 1984. Wadau wengi tulimpiga risasi yule mbwa, hakufa hata siku moja. (Na usihangaike kuitafuta ile bastola uichomeke kwenye flati skrini yako, ilitegemea TV za chogo, kwenye hizi mpya haisomi.)

Sasa mnaona shida yangu ilipoanzia. Mimi natafuta BATA. Ukiandika kwa Kiingereza bata na Nintendo, unaletewa Duck Hunt mpaka kesho asubuhi. Nilitumia wiki nzima nikipambana na yule mbwa.

Aliyenitoa ni mtoto. Aliniambia nimchoree. Nikachukua daftari lake la hesabu nikachora kama nilivyokumbuka, tumbo duara, mabawa mafupi yamening'inia, miguu mifupi, amesimama wima kama mtu. Akaangalia mara moja tu akasema: "Ba'mdogo, huyu siyo bata. Ni pengwini."

Aisee!

Sikuwahi kufikiria. Mwaka 2000, mtoto wa Same, pengwini ningemwona wapi? Milima imeizuia mvua, sisi huku chini ni vumbi na upepo, ndege wanene niliowajua ni kuku na bata wa jirani. Kwa hiyo kichwa changu kilichukua kitu kisichokijua kikakipa jina la kile ninachokijua, na jina hilo nikalibeba miaka ishirini. Hili nawaomba mlichukue kwa uzito: usitafute kwa jina ulilompa mnyama, tafuta kwa umbo lake na kwa anachofanya. "Mbuzi" wako anaweza kuwa paa, "Mzungu mwenye bunduki" anaweza kuwa roboti. Chora. Halafu mwonyeshe mtu mwingine, ikiwezekana mtoto.

Pengwini wa kwanza niliyemkuta alikuwa wa Konami, gemu inaitwa Antarctic Adventure. Moyo ulinienda mbio. Lakini yule yuko mmoja, anakimbia kwenye barafu anaruka mashimo kwenda kwenye vituo vyenye bendera za nchi. Siyo yeye. Kisha nikakuta Nuts & Milk ya Hudson Soft, kiumbe anamfuata mpenzi wake. Karibu, lakini hakuna ukuta, hakuna buibui. Nikaona hawa Hudson Soft wanapenda mambo ya wapenzi wawili, nikachukua orodha ya gemu zao za 1984 na 1985, nikaanza kuangalia video moja baada ya nyingine YouTube, dakika moja moja, pale kwa jamaa mwenye stesheneri karibu na stendi ambaye ana kompyuta nne na feni moja. Kila saa inalipiwa, kwa hiyo nilikuwa naangalia kwa presha.

Binary Land. Hudson Soft, 1985. Ilikuwa imeanzia kwenye kompyuta za Kijapani kabla ya kuja Famicom.

Ilipofunguka nilisimama kwenye kiti. Ukuta katikati, vichochoro, buibui, na moyo ule pale juu umefungiwa! Ila kuna kitu kikanishangaza: walikuwa na rangi. Mmoja kijani, mwingine waridi. Nikataka kubisha kwamba siyo yenyewe, wangu walikuwa mweusi na mweupe. Halafu nikakumbuka TV yetu. Ilikuwa ya chogo, nchi kumi na nne, isiyo na rangi. Rangi ambayo niliapa naikumbuka haikuwa ya gemu, ilikuwa ya TV. Ukiwa unatafuta yako, rangi iweke ya mwisho kabisa katika ushahidi.

Wale ngwini (ndiyo Kiswahili chake kwenye kamusi, japo watoto wanasema pengwini) wana majina, wa kijani ni Gurin na wa waridi ni Malon. Na sasa nije kwenye jinsi inavyochezwa, maana ndipo penye kisa chenyewe.

Nilirudi nyumbani na laptop ya kuazima, nikapakua programu ya kuigiza ile mashine ya zamani, nikanunua padi mbili za kuchomeka USB. Kisheria mafaili ya gemu hizi bado ni mali ya wenyewe, na Hudson Soft yenyewe ilimezwa na Konami mwaka 2012, siwaambii mkapakue hovyo. Lakini nisijifanye malaika, kaseti yetu ilikuwa feki tangu siku ya kwanza. Nikamwita mtoto. Nikampa padi ya kwanza, ya baba yake, mimi nikashika ya pili. Gemu ikaanza.

Ya kwangu haifanyi kitu.

Nikachomoa nikachomeka. Kimya. Nikaingia kwenye seti za programu, padi inasoma vizuri, taa inawaka. Nikabonyeza mpaka kidole gumba kikauma. Ngwini wangu anatembea, lakini hanisikilizi mimi. Mtoto alikuwa anacheza peke yake na wote wawili wanakwenda. Akaniambia taratibu, macho kwenye kioo: "Ba'mdogo, hii haina mchezaji wa pili."

Ni kweli wadau. Binary Land ni ya mtu mmoja. Mwanzoni unachagua ngwini yupi awe wako, na mwenzake anakuwa kama kivuli cha kwenye kioo. Ukienda juu, naye juu. Ukienda kushoto, yeye anakwenda kulia. Ugumu wake ni kwamba vichochoro vya pande mbili havifanani, kwa hiyo mmoja akigonga ukuta anabaki pale huku mwingine anaendelea, na wewe mmoja unatakiwa uwafikishe wote kwenye moyo kabla muda haujaisha. Kuna dawa ya kupuliza buibui. Mmoja akinasa kwenye utando, mwenzake anakwenda kumnasua. Wakinasa wote, basi tena. Gemu tamu, akili nyingi kuliko unavyodhani ukiitazama. Lakini ya padi MOJA.

Sasa mimi nilikuwa nacheza nini miaka ile?

Nilikaa na hilo swali siku mbili. Nikaanza kukumbuka vizuri kaka alivyokuwa anasema. "Kulia!" Kila aliposema kulia, yeye alikuwa anabonyeza kushoto. "Juu!" na yeye anabonyeza juu. Alikuwa anatangulia kusema nusu sekunde, mimi nabonyeza, bata wangu anakwenda, nafurahi. Nikikosea, bata anakwenda sawa tu, na sikuwahi kujiuliza. Ikitokea nimebonyeza peke yangu na haendi, kaka anasema vumbi limeingia, anachomoa kaseti, anaipuliza, anarudisha. (Kupuliza nako kumbe ni kosa, unyevu wa pumzi unaleta kutu kwenye vile vyuma, lakini hilo la leo siyo.)

Nikampigia mama Suji. Nikamuuliza, ile gemu yetu ya zamani, padi ya pili ilikuwa nzima?

Mama akacheka kwanza. "Ile nyingine panya walikula waya wake kabla hata hujaanza shule. Baba yako akasema atanunua nyingine Dar, hakununua. Mimi nilimwambia kaka yako, hakuna kucheza peke yako mwenzako analia, mtacheza wote au nazima. Akaniambia nisiseme kitu, atajua mwenyewe."

Kwenye kaseti ile kulikuwa na Contra, ilikuwa na Mario, vile vifaru ambavyo wenzake wa darasa la saba walikuwa wanavigombania. Zote hizo zinachezwa wawili, lakini kwenye zote mtoto wa miaka sita angegundua ndani ya dakika moja kwamba padi yake imekufa, mtu wake angesimama tu kama mti. Ya 31 ndiyo ambayo wawili wanatembea kwa padi moja. Sijui ilimchukua muda gani kuipata. Nilikuwa najua kwamba ile ndiyo gemu aliyoipenda kuliko zote, ndivyo nilivyomwambia mwanawe. Sasa sina hakika kama hata alikuwa anaipenda.

Mtoto nilimweleza yote. Alinyamaza kidogo, akauliza kama padi iliyoliwa na panya bado ipo. Haipo, TV yenyewe iliuzwa zamani. Baadaye jioni akaja na laptop imewashwa, akanipa padi ya pili, ile isiyofanya kazi, akasema: "Shika, ba'mdogo. Nikikuambia kulia, unaenda kulia."

Mpaka naandika hapa tumefika hatua ya 14. Yule ndege anayepita na kuwabadilisha ngwini upande ndiye anayetuchanganya.

Haya wadau, maoni hapo chini. Anayetafuta ya kwake aniandikie mambo haya: ulikuwa unaiangalia kwa pembeni au kwa juu, kulikuwa na nini cha kuua na nini cha kuokota, ukifa inakuwaje, na mashine ilikuwa ya kaseti au ya CD. Rangi niachie. Na kuna mdau wa Hedaru aliniuliza juzi kuhusu gemu ya mtu aliyekuwa anapuliza mapovu halafu anayapanda. Mimi nimekwama, anayeijua amsaidie.